Kina na Fumbo: Uhakiki wa Mchezo wa Kukisia Neno kwa Vina

1. Utangulizi

Ubishi juu ya kina katika ushairi wa Kiswahili umedumu kwa zaidi ya nusu karne. Tangu Kaluta Amri Abedi alipochapisha Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri mwaka 1954, wako wanaoshikilia kwamba utungo usio na vina na mizani hauna haki ya kuitwa shairi. Na tangu Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, wako wanaojibu kwamba vina ni pingu zinazomzuia mtunzi kusema alilo nalo moyoni. Katika mabishano hayo yote, aghalabu kina huangaliwa kikiwa juu ya karatasi, kama nakshi iliyokwisha kuchongwa mlangoni. Ni mara chache kinapoangaliwa kikiwa kazini, yaani wakati ambapo watu wawili au zaidi wanakitumia ili kutafutana akili.

Makala haya yanakusudia kukiangalia kina mahali ambapo pengine msomaji hatarajii kukikuta, nako ni mchezoni. Mchezo unaohusika ni ule ambao marafiki, wakiwa wamekaa pamoja barazani au kila mmoja kwake na simu mkononi, hutegana neno lililofichwa na kupeana dokezo moja tu, ambalo ni neno jingine lenye kina kimoja na lile la siri. Yamkini jambo hili litaonekana kuwa la kitoto, lisilostahili kuwashughulisha wataalamu. Lakini mchezo una faida ambayo shairi halina. Kanuni isiyofanya kazi katika mchezo hujulikana papo hapo, kwa kuwa mchezo hukwama. Shairi baya laweza kuchapishwa na kusifiwa; mchezo mbaya hauchezeki. Kwa hiyo mchezo ni mizani nzuri ya kupimia madai yanayotolewa juu ya kina.

2. Mchezo wenyewe

Mchezo huu una historia ndefu katika lugha ya Kiingereza, ambako huitwa Crambo. Samuel Pepys, mtumishi wa serikali ya Uingereza ambaye shajara yake inajulikana sana, aliandika Mei 1660 kwamba yeye na wenzake waliucheza ndani ya gari la farasi walipokuwa safarini huko Uholanzi. Katika karne ya 19 ulienea majumbani kwa namna nyingine, ambapo wakisiaji hawakusema neno bali waliliigiza kwa vitendo, na watazamaji wakawazomea wakikosea au wakawapigia makofi wakipatia.

Kanuni za ile namna ya kusema ni hizi. Mmoja huficha neno moyoni, kisha huwatajia wenzake neno jingine lenye kina kimoja nalo. Wenzake hawana ruhusa ya kulitaja neno wanalolikisia. Sharti walieleze kwa maana yake. Naye mwenye siri hana ruhusa ya kujibu "la" tupu. Sharti alitambue neno lililoelezwa, alitaje, na kulikana. Akiwa amesema kwamba neno lake ni la kina kimoja na "cat", mmoja humwuliza: "Je, ni mnyama arukaye usiku kwa mbawa zisizo na manyoya?" Naye hujibu: "La, si bat." Hivyo kila upande hufumba na kila upande hufumbua. Mwenye siri anafumba neno moja, lakini analazimika kufumbua mengi. Mkisiaji anatafuta neno moja, lakini analazimika kufumba kila analolidhania.

Utamu wa mchezo huu katika Kiingereza unatokana na uhaba. Kina cha Kiingereza huanzia kwenye vokali yenye mkazo na kuendelea hadi mwisho wa neno, ilhali konsonanti iliyotangulia vokali hiyo hubadilika. Kwa kuwa maneno ya lugha hiyo huishia kwa sauti za namna nyingi, tena mara nyingi kwa konsonanti mbili au tatu zilizosongamana, kila kina kina jamaa wachache. Yako hata maneno yasiyo na jamaa kabisa, kama vile "month". Anayepewa kina amepewa karibu nusu ya jibu. Katika Crambo, kina ndicho dokezo.

3. Mchezo huo katika Kiswahili

Je, mchezo huo ukihamishiwa katika Kiswahili kama ulivyo, hutokea nini? Tuseme mwenye siri anatangaza kwamba neno lake lina kina kimoja na "shoka". Mkisiaji wa kwanza anauliza: "Je, ni kile kipindi kinachotimia baada ya miezi kumi na miwili?" Anajibiwa: "La, si mwaka." Wa pili anauliza: "Je, ni pale linapokoma shamba la huyu na kuanza la yule?" Anajibiwa: "La, si mpaka." Wa tatu anauliza juu ya lile jambo ambalo wahenga wamelinyima baraka, akajibiwa kwamba si haraka, wa nne anauliza juu ya baraka yenyewe. Zimebaki paka, taka, shaka, nyoka, sadaka, talaka, mashaka, na vitenzi visivyohesabika: amka, anguka, kauka, fika, cheka, zeeka. Jua litakuchwa na neno halijapatikana.

Sababu ya jambo hili imo katika muundo wa lugha. Kina katika ushairi wa Kiswahili ni silabi nzima ya mwisho, konsonanti pamoja na vokali yake. Mkazo wa neno, isipokuwa katika maneno machache ya mkopo, huwa juu ya silabi ya pili kutoka mwisho. Kwa hiyo kina cha Kiswahili kimekaa nje ya mkazo, mahali ambapo sauti ya msemaji imekwisha kushuka. Isitoshe, karibu maneno yote huishia kwa silabi wazi. Konsonanti zipatazo 25 za tahajia sanifu, zikiunganishwa na vokali 5, na vokali hizo zikihesabiwa pia pweke, hutoa silabi 130 tu, ukiacha zile zenye konsonanti zilizoungana. Maneno yote ya kamusi hayana budi kugawana silabi hizo chache.

Tena mgawanyo wenyewe si wa haki. Silabi kadhaa ni viambishi vya sarufi, na kila kiambishi huvuta nyuma yake msafara mrefu. Kauli ya kutendeka huleta -ka, kauli ya kutendwa huleta -wa, kauli ya kutendana huleta -na, kauli ya kutendesha mara nyingi huleta -sha, na kiambishi cha mahali huleta -ni. Mtu anayetaka kina cha -wa hana haja ya kutafuta. Achukue kitenzi chochote na kukitia katika hali ya kutendwa. Vina hivi vya viambishi ni rahisi mno. Mhakiki yeyote aliyesoma mashairi ya magazetini amekutana na beti ambazo mtunzi wake, badala ya kuumiza kichwa, ameyageuza matendo yote kuwa ya kutendwa ili silabi zipate kufanana, hata msomaji asijue nani alimtenda nani.

Wachezaji wenye uzoefu huweza kuutibu upana huo kwa kuongeza masharti. Huweza kukubaliana kwamba neno la siri liwe nomino tu, au kwamba silabi ya mwisho ifanane pamoja na vokali iliyoitangulia, hivi kwamba "paka" ilingane na "mwaka" lakini si na "nyoka". Sharti hili la pili lafaa kuangaliwa vizuri, kwa kuwa kwa hakika ni kanuni ya Kiingereza iliyoingia kwa mlango wa nyuma: kina kimerudishwa kwenye vokali yenye mkazo. Mchezo unachezeka, lakini unachezeka kwa kuiacha kanuni ya malenga.

4. Upatanisho kama msaliti

Liko tatizo la pili, nalo ni kinyume cha la kwanza. Kina cha Kiswahili humficha mno mwenye siri. Upatanisho wa kisarufi humfichua mno mkisiaji. Katika Kiingereza kitu chochote kisicho mtu chaweza kuitwa kwa kiwakilishi kimoja, na swali likabaki gizani. Katika Kiswahili swali lenyewe hutangaza ngeli ya jibu. Mtu akiuliza, katika kina cha -ti, "Je, ni ule uotao na kutoa kivuli?" amekwisha kusema kwamba anadhani ni mti. Akiuliza, "Je, ni kile kinachokaliwa?" hakuna mtoto ambaye hatajibu mara moja kwamba si kiti. Kazi ya mwenye siri, ambayo katika Crambo ni nusu ya burudani, inakuwa nyepesi kama unyoya.

Mkisiaji anaweza kukimbilia maneno ya jumla, aseme "kitu", "jambo" au "neno", na upatanisho ukafuata hayo. Lakini akifanya hivyo kila mara, maswali yote yatakuwa na sura moja, na lugha itachechemea.

Kwa hiyo mchezo huu, ukihamishwa bila kubadilishwa, huharibika pande zote mbili. Dokezo ni pana kupita kiasi, na swali ni wazi kupita kiasi. Si kosa la lugha wala la wachezaji. Ni ushahidi kwamba kina cha Kiswahili hakikuwekwa katika lugha kufanya kazi ile kinayoifanya katika Kiingereza.

5. Jinsi kitendawili kinavyoficha

Waswahili hawakungoja mchezo wa kigeni ndipo wajue kutegana maneno. Kitendawili kina kanuni zake, nazo zafaa kusomwa upya mintarafu ya tatizo hili la upatanisho. Katika kitendawili kinachojulikana na kila mtoto, mtegaji husema: "Nyumba yangu haina mlango." Jibu ni yai. Wahakiki wamezoea kueleza kwamba hapa pana istiari, na kwamba istiari hupamba lugha. Maelezo hayo ni sahihi lakini hayatoshi. Istiari hapa inafanya kazi ya sarufi pia. "Yangu" na "haina" zimepatana na nyumba, wala hazikupatana na yai. Lau mtegaji angesema moja kwa moja, "Ni lile lisilo na mlango," ngeli ingefichuka na uwanja ungepungua. Kwa kuazima jina la kitu kingine, ameazima pia ngeli yake, na ngeli ya jibu ikabaki imefunikwa. Vivyo hivyo anayesema, "Kuku wangu katagia mwibani," akikusudia nanasi, ameuvika mmea upatanisho wa kiumbe chenye uhai. Msikilizaji hutafuta kwanza miongoni mwa viumbe, na hupotea njia.

Yaonekana basi kwamba jadi ililitatua tatizo ambalo Crambo ya Kiswahili inakwama ndani yake, tena ililitatua bila kina. Katika kitendawili dokezo ni mfano, si sauti. Na yule anayeshindwa haachwi nje ya mchezo. Huombwa mji, akautoa, na mtegaji akaupokea kabla ya kufumbua. Hata kushindwa kuna fungu lake katika mazungumzo.

6. Pale kina kinapokuwa dokezo

Ikiwa kina si dokezo la kutosha, je, wanaosema ni pambo tu wameshinda? La hasha. Yako mazingira ambapo kina cha Kiswahili hudokeza kwa nguvu, nayo ni pale kinapokuwa dokezo la mwisho baada ya mengine kufanya kazi yake. Chukua mshororo huu, uliotungwa kwa ajili ya mfano tu, wenye mizani nane kila kipande na kina cha -ki mwishoni:

Kenda mvuvi majini, karudi pasi ...

Msikilizaji aliyekwisha kusikia ubeti wenye vina hivyo anajua mambo manne kabla mwimbaji hajalimaliza neno. Mizani inamwambia kwamba zimebaki silabi tatu. Sarufi inamwambia kwamba panahitajika nomino. Maana inamwambia kwamba ni kitu ambacho mvuvi angetarajiwa kurudi nacho. Ndipo kina kinapofunga komeo: neno liishie kwa -ki. Msikilizaji anasema "samaki" moyoni mwake, na pengine kwa sauti, sambamba na mwimbaji. Huo nao ni mchezo wa kukisia neno kwa kina, na umekuwa ukichezwa kila palipoimbwa mashairi mbele ya watu.

Lakini malenga hodari anajua pia kwamba msikilizaji amekisia. Anaweza kumwacha apate, ili afurahi. Au anaweza kumaliza kwa "mikuki". Mizani haijavunjika, sarufi haijavunjika, na kina kimetimia. Ila mvuvi sasa hakukosa samaki tu, amepoteza na zana zake. Kicheko cha hadhira kinatoka katika nafasi ile ndogo baina ya neno lililokisiwa na neno lililokuja. Nafasi hiyo haiko kwenye karatasi. Iko baina ya watu wawili.

7. Kina kama fungamano

Kazi ya pili ya kina huonekana katika desturi ya kujibizana. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyeishi takriban baina ya 1776 na 1840, anakumbukwa kwa kulitoa shairi msikitini na kulipeleka sokoni. Katika uhasama wa Mombasa na Lamu mwanzoni mwa karne ya 19, uliofikia kilele katika pigano la Shela, tungo zake zilikwenda Lamu na majibu ya Zahidi Mgumi yakarudi. Mengi ya mashairi ya Muyaka yalihifadhiwa vichwani mwa watu wa Mombasa hadi Mwalimu Sikujua bin Abdallah alipomsaidia W. E. Taylor kuyakusanya katika karne hiyohiyo. William Hichens akayachapisha mwaka 1940, na Mohamed Abdulaziz akayafanyia uchambuzi wa kina katika kitabu chake cha mwaka 1979.

Desturi hiyo haikufa na Muyaka. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza kutolewa Dar es Salaam mwaka 1923, na Baraza, lililoanza Nairobi mwaka 1939, yaliyapa nafasi mashairi ya mafumbo na majibu yake. Mtunzi aliuliza katika toleo moja, na wenzake wa miji ya mbali, wasiomjua kwa sura, wakamjibu katika matoleo yaliyofuata. Hapo anayejibu kwa bahari ileile na vina vilevile huonyesha kwamba amemsikia mwenzake hadi silabi ya mwisho, na kwamba anakubali kubishana naye katika uwanja aliouchagua yule. Kina hakimwambii jibu. Kina kinamfunga kwa mwulizaji.

Fumbo, hata hivyo, si mchezo wakati wote. Abdilatif Abdalla alifungwa gerezani kutoka 1969 hadi 1972 kwa sababu ya maandishi yake ya kisiasa, na mashairi aliyoyatunga humo yalitolewa mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki. Miongoni mwayo limo "Mamba", ambalo wahakiki hulisoma kama fumbo juu ya mtawala dhalimu. Msomaji analijua jina lililofichwa, lakini halitaji. Na mtunzi amemwezesha kulijua bila kulitaja. Kanuni ileile ya mchezo, kwamba mkisiaji ameharimishiwa kulisema neno, hapa imekuwa kanuni ya usalama.

8. Mchezo katika simu

Marafiki wanaotegana vina kwa simu siku hizi wameirudisha desturi hii bila ya kuipa jina. Swali ambalo zamani lilingoja toleo lijalo la gazeti sasa hujibiwa kabla chai haijapoa. Faida yake si ndogo: mtu aliye Lamu, aliye Eldoret na aliye ughaibuni hukaa baraza moja. Lakini haraka ina gharama yake. Anayejibu upesi hukimbilia vina vya viambishi, na mwenzake naye humjibu kwa hivyohivyo, hata mchezo ukawa ni kubadilishana -wa na -sha. Wako pia wanaoridhika na vokali tupu, wakahesabu kwamba "paka" na "kata" vina vyao ni kimoja kwa kuwa vyote vina "a". Hilo malenga hakubali, wala sikio lililozoea halikubali.

Dawa si kuwakataza. Dawa ni kuuchukua mchezo huo na kuupa kanuni zinazotokana na lugha yenyewe: swali litolewe kwa mfano, ili upatanisho usifichue, kina kitolewe pamoja na idadi ya silabi, ili uwanja usiwe mpana, na vina vya viambishi vihesabiwe kuwa alama nusu. Mchezo wa namna hiyo utakuwa mtoto halali wa kitendawili na shairi.

9. Hitimisho

Yaliyoelezwa yanatoa njia ya kuutazama upya ule ubishi wa tangu 1954. Wanajadi wamekosea wanapodai kwamba thamani ya kina imo katika kufanana kwa sauti. Katika lugha ambayo silabi chache hugawanywa na maneno yote, kufanana kwa sauti ni jambo rahisi, na jambo rahisi haliwezi kuwa uti wa mgongo wa sanaa. Wanamabadiliko nao wamekosea wanapodai kwamba kina ni pingu tupu. Kina ni pingu kwa mtunzi anayemwandikia msomaji wa pekee, ambaye hatakisia neno lijalo wala hatajibu. Mtunzi wa namna hiyo akikiacha hapotezi kitu kikubwa. Lakini palipo na mwimbaji na hadhira, au mwulizaji na mjibu, kina ndicho kamba wanayoishika pande mbili.

Jambo hili linawahusu walimu kwa namna ya pekee. Mwanafunzi wa sekondari hufundishwa kuvitaja vina vya ubeti na kuihesabu mizani yake kwa ajili ya mtihani, naye huvihesabu kama karani ahesabuye magunia ghalani. Anaweza kupata alama zote bila ya kusikia hata mara moja kina kikifanya kazi. Mwalimu na amsomee darasani ubeti mmoja, asimame kabla ya neno la mwisho, na kunyamaza. Wanafunzi watalitafuta neno hilo wenyewe. Watakaosema "samaki" watakuwa wamejifunza mizani, sarufi na kina kwa pamoja. Na yule mmoja atakayesema "mikuki" asikosolewe, maana huenda ndiye mtunzi.